Kuku wa Askofu, Bila Chumvi

Askofu aliharibu majoho ya kwaya siku ya Jumatatu asubuhi, majoho manne kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo Nanyama alipokubali kwamba paka wake ni mgonjwa. Kabla ya hapo alikuwa akijiambia kwamba ni ulafi tu. Majoho yalikuwa yamekunjwa vizuri juu ya meza ya kukatia nguo, yakisubiri vifungo, na paka alikuwa amelala juu yake kama ilivyokuwa desturi yake. Aliposhuka aliacha kitu ambacho hata sabuni ya kipande ilishindwa nacho.

Nanyama alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Huruma, Eldoret, chumba cha mwisho kwenye ploti ya vyumba kumi na mfereji mmoja. Alikuwa ametoka upande wa Kakamega akiwa bibi arusi, akamzalia mumewe mtoto mmoja, Byron, na sasa mume alikuwa kaburini mwaka wa tatu na Byron alikuwa Turbo akiuza vipuri vya malori, akija nyumbani tu alipokuwa na njaa au nguo chafu. Ndani ya chumba walibaki wawili, yeye na paka. Jina la Askofu alilipata kwa sababu alikuwa mweusi tii mwenye utepe mweupe shingoni, na pia kwa sababu alipenda kulishwa kabla ya watu wote na hakumshukuru yeyote.

Kuhara kwake kulikuwa kumeingia wiki ya tatu. Nanyama alikuwa amempa dawa ambayo kila mtu Eldoret anaijua, yaani maziwa. Maziwa mabichi yalipokataa kusaidia akampa ya kuchemsha, na ya kuchemsha yalipokataa akampa mala, yale yaliyoganda, kwa imani kwamba ng'ombe hawezi kushindwa mara tatu. Juu ya hayo, Askofu alikuwa na ratiba yake ya mchana. Alipita mlango hadi mlango saa ya chai, na kwa kuwa ploti ile haina mtu anayeweza kunywa chai huku mwingine akimtazama, kila mlango ulimmiminia kidogo kwenye kisahani. Vyumba tisa, visahani tisa vya chai ya maziwa na sukari. Halafu watu walishangaa kwa nini paka anakonda.

Siku hiyo ya Jumatatu bahati ilikuwa kwamba daktari wa mifugo, Jebet, alikuwa kwenye ploti ya jirani akimdunga sindano ng'ombe wa mwenye nyumba. Nanyama alimvizia langoni na kumvuta hadi ndani kwa mkono, daktari akiwa bado amevaa gambuti zake zenye kinyesi cha ng'ombe. Daktari alimweka Askofu juu ya meza, akaivuta ngozi ya shingo na kuiachilia. Ngozi ilirudi taratibu sana.

"Anakula nini?" aliuliza.

"Maziwa," Nanyama alisema. "Omena. Uji kidogo. Na ugali na supu."

"Supu ya nini?"

"Ya chochote mimi nakula."

"Na vitunguu ndani?"

"Daktari, sasa supu bila vitunguu ni supu ama ni maji ya kuoshea sufuria?"

Jebet hakucheka. Alieleza kwamba kitunguu ni sumu kwa paka hata kikiwa kimepikwa, na kwamba paka mzima hana kazi na maziwa, tumbo lake haliwezi kuyasaga. "Mama, unamtibu na kile kitu kinamuua," alisema. Akampa Askofu kidonge cha minyoo, akafunga taya zake mpaka akameza, kisha akatoa amri. Kidari cha kuku kilichochemshwa kwa maji matupu. Ngozi itolewe, mafuta yatolewe, mifupa itolewe. Chumvi hapana, kitunguu hapana, viungo vya pakiti hapana. Alishwe kidogo kidogo mara nne kwa siku, maji safi yawe karibu, na asionje kitu kingine kutoka kwa mtu yeyote.

"Mpaka lini?"

"Jumapili. Kama bado anahara hiyo Jumapili, unamleta kliniki tumwekee maji kwa mshipa. Lakini ni mzee na ameisha mwili. Sitakudanganya."

Nanyama alimsindikiza hadi langoni akiwa na uso wa kawaida, akarudi ndani, akakaa kitandani na kuogopa. Hakuwa mtu wa kulilia wanyama. Lakini tangu mazishi, Askofu ndiye alikuwa kiumbe wa kwanza kusemeshwa kila asubuhi, mara nyingi kwa matusi, na chumba kisicho na wa kutukana hakikaliki. Alitaka paka yule aishi. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa miaka mingi, na aliona aibu kidogo kwa sababu hiyo.

Basi Jumanne akachemsha kuku. Jumatano akachemsha kuku. Alhamisi vilevile. Na kwa kuwa hakutaka Askofu atoke kwenda kunywa chai, alifunga mlango kwa komeo mchana kutwa, yeye ambaye mlango wake ulikuwa haufungwi hata wakati wa mvua.

Sasa, kwenye ploti ile kuku ana maana yake. Kuku hapikwi ovyo. Kuku ni wa Krismasi, ni wa wakwe, ni wa mchungaji, na kwa watu wa kwao Nanyama hasa, kuku huingia kwenye sufuria pale tu mwanamume wa kuheshimiwa ameketi kwenye kiti akisubiri. Mjane anayechemsha kuku siku tatu mfululizo katikati ya wiki, mlango ukiwa na komeo, huyo hahitaji kuulizwa. Wamucii, aliyekuwa na kibanda cha maharagwe langoni na hakupitwa na harufu wala habari, alisogeza kigoda chake karibu na ukuta wa Nanyama, kwa ajili ya kivuli, alisema. Ukuta ule ulikuwa wa mabati na ulipitisha kila neno.

"Kula pole pole, baba," alisikia Nanyama akisema ndani. "Usiharakishe. Saa kumi nitakupa ingine."

Wamucii hakuhitaji zaidi. Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimefika kanisani, na kutoka kanisani zikamfikia Isaiah Shitanda, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na ambaye tangu kaka yake azikwe alijipa kazi ya kumlinda shemeji yake, ingawa shemeji hakuwa ameomba ulinzi wowote.

Alikuja Jumamosi alasiri pamoja na Mchungaji Lawrence. Walisema wamepita tu kwa maombi. Nanyama aliwafungulia, akawapa viti, akarudisha komeo haraka, na wageni wakatazamana. Juu ya jiko sufuria ilikuwa ikichemka. Ndani yake mlikuwa na kidari kimoja, cha alasiri hiyo na cha kesho asubuhi, na kuku mwingine angepatikana tu baada ya soko kufunguliwa. Askofu alikuwa ameanza kuudai mlo wake kwa kelele tangu jana, dalili njema, ila kinyesi kilikuwa bado ni uji. Ilikuwa imebaki siku moja. Nanyama alikuwa akiihesabu ile milo iliyobaki kichwani na hakuwa na haja na wageni.

Isaiah aliomba. Aliomba kwa kirefu, akayataja majaribu ya mwili na udhaifu wa wajane, jicho moja likiwa limefumba na jingine likichunguza chini ya kitanda. Baada ya amina Nanyama aliwatilia chai na kuwapa mandazi. Isaiah aliitazama chai, akaitazama sufuria, akaitazama tena chai kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Shemeji," alisema mwishowe, "kuna kitu inachemka hapo."

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Mbona sisi hatujaambiwa kuna mgonjwa kwa hii boma?"

Ndipo Nanyama akaelewa yote kwa pamoja, kigoda cha Wamucii, ziara, maombi ya jicho moja. Alitaka kukasirika lakini kicheko kilitangulia.

"Wazee, semeni tu," alisema. "Mmekuja kutafuta mwanaume. Yuko chini ya kitanda. Mvuteni."

Mchungaji Lawrence aliweka kikombe chini. Isaiah, kwa ujasiri wa mtu aliyekuwa na hakika ya ushindi, alipiga magoti na suti yake ya Jumamosi, akainua shuka na kuingiza kichwa. Askofu hakupenda. Alimkwaruza pua, akatoka, akaenda kukaa mbele ya jiko na kupiga kelele kwamba saa kumi imepita.

Mtu mwingine angeomba msamaha na kuaga. Isaiah alirudi kitini, akafuta pua kwa leso, akaona bado ana haki fulani iliyosalia.

"Sawa, ni paka," alisema. "Lakini kuku imepikwa, na mchungaji ameketi. Utampea paka kuku na mchungaji mandazi? Kaka yangu akiwa hai, hakuna mgeni alitoka kwa hii nyumba bila kuku."

Nanyama alikuwa tayari ameshika kijiko. Alisimama hapo na sufuria mkononi, na kwa muda mfupi mazoea ya maisha yote yalimvuta kuelekea kwenye meza ya wageni. Mkono ulijua njia. Kama angefuata mkono, watu hawa wangeridhika, na mgonjwa wake angelala njaa usiku ule wa mwisho kabla ya Jumapili aliyoiweka daktari.

"Kaka yako nilimpikia kuku miaka ishirini na saba," alisema. "Yeye na nyinyi wote. Kuna siku hata moja uliuliza mimi nimekula nini?"

"Si ulikuwa unakula huko jikoni."

"Nilikuwa nakula shingo, Isaiah."

Nanyama alikaa kwenye kigoda mbele yao, akakichambua kidari kwa vidole, uzi kwa uzi, akiondoa kila kipande cha ngozi. Akaweka nusu kwenye sahani ya Askofu, na nusu akaifunika kwa ajili ya asubuhi. Paka alikula bila haraka. Mchungaji Lawrence alinywa chai yake yote na kusema mandazi ni matamu, na alipofunga kwa maombi alilitaja tumbo la paka kwa Bwana, ingawa jina la paka alilipita kimya. Isaiah hakusema amina.

Jumapili asubuhi Nanyama hakwenda kwenye ibada ya kwanza wala ya pili. Alikaa kama mkunga kando ya beseni la mchanga alilomwekea Askofu. Ilipofika saa nne Askofu aliingia, akachimba, akatazama ukuta kwa heshima zote, akafukia na kuondoka. Nanyama alifukua kwa kijiti. Kilikuwa kigumu. Kilikuwa cheusi, kimeshikana, na kingeweza kubebwa na kuonyeshwa watu.

Alimpigia daktari simu. "Jebet, kimeshikana," alisema, kisha akalia, na akajitukana kwa kulia. Jebet, aliyekuwa zizini Yamumbi, alimpongeza kama mtu aliyefaulu mtihani. Alimwambia amwendeleze na kuku siku chache, halafu achanganye samaki wa kuchemsha kidogo kidogo, robo kwanza, asije akalishtua tumbo. Na maziwa ayasahau, na visahani vya jirani avipige marufuku.

Mchana ule Nanyama alinunua kuku mwingine. Kidari alikikata vipande viwili. Kimoja alikichemsha kwa maji matupu, akakiweka chini. Cha pili alikikaanga kwa kitunguu, nyanya na chumvi, akakiweka mezani, akavuta kiti na kuketi mbele yake. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na hakuwa amejua kwamba kidari ni laini hivyo.