Maneno ya Shangazi Akiwa Edani

Naikumbuka siku ile, mwanangu, nilipoibeba tasnifu yangu kutoka Gitega kwenda Muyinga kumwonyesha mama. Ilikuwa bado inanuka gundi. Jalada lilikuwa la buluu iliyokolea, jina langu kwa herufi za dhahabu, nami niliipakata njia nzima na kuipapasa kila mara, utadhani itatoroka. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde ya Karuzi. Mikaratusi ilitokea na kupotea, na mimi nusu macho nusu usingizini nilikuwa najiona nimesimama mbele ya jopo la watahini, watu wananipigia makofi. Ujana una raha zake. Jumatatu ningeiwasilisha chuoni, na siku hiyo hiyo mlango wa kuwasilisha ulikuwa unafungwa. Aliyechelewa alisubiri awamu nyingine, na hakuna aliyejua awamu hiyo ingefunguliwa lini.

Ngoja nikueleze ilihusu nini, ingawa najua nyinyi vijana mkisikia neno tasnifu mnaanza kupiga miayo. Niliandika juu ya familia za Kiislamu za Muyinga mjini, watu wa biashara na cherehani kama sisi, waliokimbilia Tanzania kisha wakarudi. Walirudi vipi, walianzia wapi, nani aliwapokea. Niliwahoji wazee wengi wa mtaa wetu. Lakini sura ya tatu, ile ambayo profesa wangu aliipenda kuliko zote, ilisimama juu ya maneno ya mtu mmoja, naye ni shangazi yangu Mariamu.

Shangazi alikuwa amefiwa na mumewe mwaka huo. Kwetu mjane hukaa eda: haendi sokoni, hajipambi, na sisi wasichana wa ukoo tunapokezana kukaa naye asibaki peke yake. Zamu yangu ilipofika, mvua ilikuwa ikinyesha mchana kutwa. Chumba kilikuwa na giza jepesi, pazia limeshushwa, harufu ya udi imebaki kwenye mikeka. Yeye aliegemea ukuta akiongea polepole, macho yake kwenye dari. Sauti yake ilikuwa ikizama ndani ya mvua na kuibuka tena, na mimi sikujua kama ni asubuhi au alasiri. Alisimulia safari ya kurudi, hasa jambo moja la njiani ambalo sikuwahi kulisikia katika ukoo wetu. Alipomaliza nilimwomba niliandike katika tasnifu. Akasema, "Andika tu." Nikaandika.

Unataka kujua ni jambo gani. Nakuona shingo imeshakurefuka. Tulia, twende taratibu.

Mama alikuwa muuza vitenge. Nilipofika nyumbani alifuta mikono, akaipokea tasnifu, akaigeuza huku na huku, na hata akainusa. Kifaransa hakukijua, basi nikakaa mlangoni nikawa namfasiria ukurasa baada ya ukurasa. Aliitikia "ehe, ehe" na kucheka kila alipomtambua jirani. Nilipoingia sura ya tatu akaacha kuitikia. Nikaendelea mpaka mwisho, nikidhani ameguswa.

"Haya alikuambia lini?" akauliza.

"Akiwa edani, mama. Nilimwomba ruhusa, akakubali."

"Na alipotoka eda, ulimuuliza tena?"

Sikuwa nimemuuliza. Hapo mama akanikemea, wala hakupandisha sauti. Aliniuliza nimelelewa nyumba gani. Katika ukoo wetu, mwanangu, mjane akisema edani kwamba anauza shamba, hakuna anayelinunua. Akisema anagawa vyombo vyake, vinawekwa pembeni kwanza. Watu wanangoja atoke, aoge, abadili nguo, ale pamoja na wengine, acheke japo kidogo, ndipo wanamuuliza upya. Akikubali tena, basi amekubali. Desturi hiyo nimeiona tangu utoto ikifuatwa kwa mashamba na masufuria. Haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba inahusu na maneno.

"Hadija iko Gitega," mama akasema. "Inafundisha pale Mushasha, na Kifaransa anajua kukupita we. Siku moja atafungua hii kitabu yako. Mambo ya mama yake atayajulia kwa karatasi?"

Hadija ni binti yake shangazi, na jambo lile la njiani lilimgusa yeye kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Alasiri nikaenda kwa shangazi. Alikuwa uani anachagua maharage kwenye ungo, amevaa kanga ya manjano, mashavu yamejaa tena. Nilifurahi kumwona hivyo, na furaha ile ikanifanya niogope zaidi. Nikamsomea sehemu yake. Aliweka ungo chini. Akakung'uta maganda kwenye kanga yake.

"Zaina," akasema, "ile siku mi nilikuwa nasema na marehemu. Kuna mambo sikumwambia akiwa mzima. We ulikuwa umekaa tu pale."

"Lakini ulisema niandike, shangazi. Na jina lako sikuliweka."

"Muyinga hii, nani hatanijua? Toa, mtoto wangu. Hadija nitamwambia mi mwenyewe, siku nitaweza."

Nakwambia ukweli, nilikasirika. Nilimbusu mkono, nikaaga, nikatembea mpaka barabarani nikibishana naye moyoni. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa. Nilijiambia elimu inahitaji ukweli, nikajiambia Hadija ana kazi nyingi na hatafika maktaba, nikajiambia profesa atanicheka. Kila hoja niliyoipata, nilimwona shangazi ameegemea ukuta anaongea na mumewe, na mimi pembeni na simu yangu ninarekodi. Hoja zikaisha.

Jumatatu asubuhi sikwenda kuwasilisha. Nilikwenda mtaa wa Mushasha nyumbani kwa profesa. Alikuwa mzee mpole wa maneno machache, aliyezoea kuwaita wanafunzi wake wote wa kike mademwazeli. Nilipomweleza, alivua miwani.

"Sura ya tatu yakitoka maneno hayo, inabaki nini?"

"Inabaki kidogo sana, profesa."

Akachungulia dirishani, wanafunzi walikuwa wanapita na sare zao kuelekea shule, akawatazama mpaka wa mwisho. Kisha akanirudishia tasnifu yangu. "Basi leo usiipeleke, mademwazeli. Nenda ukaandike upya." Nilipopita chuoni, wenzangu walikuwa kwenye foleni, kila mtu na majalada yake, wanapigana picha. Nililia barabarani bila kujificha.

Ile awamu nyingine ilichelewa karibu mwaka. Sasa miezi hiyo hunijia kama ndoto: vilima vya Gishubi baada ya mvua, njia nyekundu za Nyarusange, moshi wa majiko juu ya migomba, na mimi napita nyumba kwa nyumba kwa waliorudi kama sisi. Walinipa viti, wakanipa uji, wakanipa habari zao. Niliwaacha, nikarudi tena baadaye siku ambayo walikuwa wanacheka, nikawasomea walichosema na kuwauliza kama bado wanataka kiandikwe. Wengine walikubali. Wengine walifuta nusu, na bibi mmoja alifuta yote kisha akanipa ndizi za kupeleka nyumbani.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini mmoja akasema sura ya tatu imekosa shahidi mwenye nguvu. Nikajibu kwamba shahidi huyo alikuwepo, akaomba arudishiwe maneno yake, nami nikamrudishia. Jopo likatazamana. Walinipa alama nzuri, si za juu kabisa. Roho iliniuma, sitakudanganya.

Miaka ikaenda. Nikawa mwalimu pale pale chuoni. Alasiri moja Hadija akaingia ofisini kwangu, akakaa hata bila salamu. Alikuwa ametoka Muyinga kumuuguza mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia.

"Mama ameniambia. Amenishika mkono, ameniambia yote. Anasema we ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu eda ya baba yako."

"Na Idi zote hizo tunakula sinia moja, hukusema?"

Nikamwambia maneno yale hayakuwa yangu. Akaniinamia begani akalia, nami nikalia naye. Kisha akaanza kucheka ndani ya machozi. "Unajua mi nilisoma tasnifu yako? Kwa maktaba, mwaka ule ule ulipomaliza. Nilikuwa nakuonea fahari. Ile sura ya tatu, dada, ilinitia usingizi."

Mwanangu, sijapata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo. Na jambo lenyewe sikuambii hata wewe, usijisumbue kungoja.

Basi wewe unayeandika yako sasa, sikiliza. Mtu akikufungulia moyo siku ya huzuni, mshukuru, kisha rudi siku yake ya furaha umuulize upya. Akikubali, andika kwa heshima. Akikataa, futa, hata kama gundi imeshakauka na mlango unafungwa leo. Awamu nyingine hufunguliwa, na sura nyingine huandikwa, lakini binti akishasoma kwenye karatasi kile ambacho mama yake alikuwa anajiandaa kumwambia, hakuna wa kumrudisha nyuma asiwe amekisoma. Usiogope kutoa kitu kizuri katika kazi yako. Mimi nilitoa, na bado nipo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe msimamizi mwenye subira, akupe mkono mwepesi wa kuandika na wa kufuta, na akujalie popote uingiapo, watu wakikuona mlangoni waendelee na mazungumzo yao kwa kukuamini.