Mmarekani wa Kabati la Mwisho

Miaka ile ya Ujamaa niliamini kabisa kwamba Mmarekani mmoja aliyekufa zamani alikuwa amelazwa kwenye kabati la mwisho, pale Lushoto nilipofanya kazi, amekaushwa kama jani.

Usinicheke mapema. Kazi yetu ilikuwa kukausha mimea ya misituni katikati ya magazeti, kuibandika kwenye karatasi ngumu na kuitunza makabatini. Makabati yenyewe ungeyapanga mstari yangeizunguka Usambara nzima mara mbili. Humo mlikuwa na majani ya huyo Mmarekani, mmoja wa watu wa kwanza kwao kuichunguza mimea kwa kina. Alikuwa mkulima, akajifundisha mwenyewe jioni baada ya kuweka jembe chini. Alipokufa majani yake yaligawanywa duniani, na machache yakafika kwetu. Mimi mhitimu wa ngumbaro, niliyeanza kusoma ndevu zikifagia dawati, nilimpenda papo hapo.

Mengine niliambiwa na dereva wa ofisi.

"Unajua kwa nini kabati la mwisho lina kufuli? Yumo mwenyewe. Aliacha wosia akaushwe, afuatane na majani yake."

"Acha uongo, bwana!"

"Nusa basi."

Nikanusa. Dawa ya nondo ilinipanda puani ikashuka hadi visiginoni. Nikaamini.

Sasa, kwetu maiti ambayo haijazikwa haiachwi peke yake. Watu hukaa nayo kwa zamu mpaka iende kaburini. Na huyu alikuwa na nani hapa? Wenzangu wakienda likizo, mimi nabaki. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, nikampa muda wa kuitikia. Mchana nilimsomea gazeti, habari za vijiji vipya na hotuba zote, hata ndefu. Ukungu ukishajaa dirishani, nilisikia sauti yangu tu na maji yakidondoka kwenye bati. Sokoni nilichekesha watu mpaka kabichi zikawaponyoka mikononi. Lakini kabati hulichekeshi.

Mke wangu alikuwa kule Mponde, kwenye shamba letu la chai. Krismasi ya kwanza nilimpelekea habari kwamba kazi zimezidi. Ya pili vilevile. Ukweli niliogopa kumwambia. Angefunga safari kuja kukaa matanga na mimi. Ya tatu ilipokaribia, dereva alirudi kutoka huko, na safari hii hakuwa na utani.

"Shemeji anasema usipokwenda sasa, usiende tena. Atahamia kwa mama yake."

Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, dereva nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee. Naomba mtu wa kukaa na marehemu, wiki moja tu, nikamwone mke wangu."

"Marahaba. Marehemu yupi?"

Nikamweleza yote. Dereva alikuwa mlangoni, anatazama viatu vyake. Mkuu akachukua ufunguo, akalifungua kabati. Magazeti makuukuu, gundi, mikebe ya dawa ya nondo. Nilingoja acheke, ningecheka naye. Hakucheka.

"Yule alizikwa kwao, shambani kwake," akasema. "Mkewe yuko ubavuni pake. Nenda nyumbani."