Musaddas na Sudusi

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikatosheka. Nyumba ya mawe ninayokaa leo niliipata kwa kusimama kwenye milango ya watu Doha. Kwa hiyo nikisema nazijua bastola za kale, usiniulize nilisomea wapi. Nilizilinda na kuzipangusa kwa miaka, kule Umm Salal, kwenye majlisi ya wageni ya Mwarabu mmoja aliyezikusanya kama wenzake wanavyokusanya vipanga wa kuwindia.

Tulikuwa walinzi wawili. Mwenzangu alikuwa Mswahili wa Mombasa, mtu wa madrasa mwenye watoto kwao, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwa mdomo. Tulilala chumba kimoja Al Mansoura. Mama yake alikuwa anapoteza macho, na yeye hakutaka kingine ila kufika nyumbani kabla hayajazimika, mama amwone. Enzi hizo hutoki Qatar bila ruhusa ya tajiri wako. Alipokwenda kuiomba, tajiri alikuwa anangoja wageni waje kuzitazama bastola.

"Baada ya wageni," akamwambia. "Inshallah."

Basi tukapangusa. Tajiri alitaka zipangwe kwa umri wa kila moja. Kwanza ya gurudumu, ile ya risasi sita, ambayo kidole chako ndicho kinachozungusha kila kitu. Halafu za Mjerumani: moja kubwa yenye nundu nyuma, haishikiki vizuri, nyingine yenye mpini kama wa ufagio, unaishindilia risasi kwa juu, kisha ile ya goti, ikipiga, goti linakunjika juu kama la panzi. Mwisho ya Mmarekani, bapa na nzito. Zote hizo zilizoifuata ya gurudumu zilikuwa na akili moja: teke la risasi inayotoka ndilo linaloingiza inayofuata. Mpigaji kazi yake ikabaki kuminya tu. Babu yangu alibebeshwa mizigo katika vita vya Mjerumani, na aliporudi aliisimulia ile ya goti kuliko alivyosimulia njaa. Sikumwamini mpaka nilipoishika.

Waarabu huziita zote musaddas. Siku moja mwenzangu alicheka mpaka akaweka kitambaa chini.

"Mzee, wasikia jina hilo? Musaddas, yenye sita! Ni ndugu yake sudusi, fungu moja kati ya sita kwenye mirathi yetu."

"Hii ya goti inakula nane," nikamwambia. "Ya ufagio kumi. Sita gani?"

"Jina la ya gurudumu, mzee. Kitu kimebadilika, watu wakaona uvivu kutafuta jina jingine."

"Wavivu ni nyinyi wa pwani."

"Na nyinyi wabara mwajua nini cha mirathi? Mtu akifa mwagombania ng'ombe."

Nikamrushia kopo la mafuta. Akalidaka.

Wageni hawakuja. Ikaingia Ramadhani, likaja joto, wakaahirisha tena. Kila akiomba, jibu ni lile lile. Kwenye simu alimwambia mama yake, "Naja, mama, nangoja wageni tu." Mama akadhani ni wageni wa mwanawe. Nilimsikia bibi yule akifoka: "Wageni gani hawaondoki? Wape chai waende zao!" Mwenzangu akacheka, kisha akageukia ukutani.

Mwishowe walikuja. Walishika, walisifu, walipiga picha. Tajiri alifurahi, akatoa ruhusa siku ile ile, na mwenzangu akanunua miwani myeusi ya mama.

Asubuhi nikamwamsha tuwahi basi la kazini. Alikuwa amekauka. Moyo, daktari alisema. Kijana ambaye sikuwahi kumsikia hata akikohoa. Nilikasirika sana, wala sikujua nimkasirikie nani. Nikaomba nisindikize sanduku, na safari hii ruhusa haikungoja mgeni yeyote.

Baada ya mazishi kule Mombasa, ndugu zake walikaa kugawa alivyoacha: saa, nguo, kipande cha kiwanja. Nilikaa nao mkekani kwa sababu mama alitaka niwepo. Sheikh akasema kwa kuwa marehemu ana watoto, fungu la mama yake ni sudusi.

Nilishtuka kwa lile neno. Nadhani niliguna.

Mama alikuwa karibu na mlango, miwani ile imekaa usoni pake, na nyuma yake hapakuwa na macho tena ya kuona. Akageuza uso kunitafuta.

"Huyu ni nani? Ndiwe mmoja wa wale wageni?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nikiwangoja pamoja naye."