Ng'ombe Ishirini na Wanne

Juzi mjukuu wangu karudi na ripoti ya shule, kawa wa mwisho. Mama yake akaanza kufoka: "Mjinga wewe, umetutia aibu!" Nikamwambia aache. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi. Neno hilo limenichosha, ndugu yangu. Nalisikia tangu enzi za Mwingereza.

Kwetu Bahi wachungaji tulikuwa wawili, kaka yangu na mimi. Baba akaamua tusome kwa zamu: leo kaka darasani mimi machungani, kesho tunabadilishana. Jioni tulikaa juu ya paa la tembe yetu, lile bapa la udongo, mama anasonga ugali wa uwele, harufu ya mlenda inatufikia huko huko juu, na kaka ananifundisha alichosoma. Hesabu alikuwa nazo kichwani. Mimi, sikufichi, nilikuwa mzito. Alinichorea tarakimu vumbini kwa kidole, nikikosea ananigonga utosini: "We naye! Hata hiyo?"

Ukaja mtihani wa darasa la nne. Shule yetu ilipewa nafasi moja tu ya kwenda shule ya kati, kule Kondoa. Kaka aliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipandi.

Swali la mwisho lilisema: mzee amefariki, ameacha ng'ombe ishirini na wanne na wana watatu, kila mwana atapata wangapi? Mimi niligawanya tu, nikaandika wanane. Kaka akaandika mkubwa kumi na wawili, wa pili wanane, mdogo wanne. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, kwa sababu mkubwa ndiye anayebaki na mzigo wa kumtunza mama na kuwaolea wadogo zake. Akawekewa kosa kwa penseli nyekundu. Mengine yote tulipata sawa, maana yeye ndiye aliyenifundisha, kwa hiyo nikampita kwa alama moja.

Mwalimu wetu naye alikuwa mtoto wa wafugaji. Aliniita nyuma ya darasa, sauti chini.

"Kaka yako hakukosea. Lakini majibu yameletwa kutoka bomani kwa Mwingereza, mimi nifanyeje? Usimwambie, itamuuma zaidi."

"Ndiyo, mwalimu," nikaitikia haraka. Si kwa huruma, jamani. Niliogopa nafasi isije ikarudi kwake.

Nikaenda Kondoa, nikawa mwalimu, nikasahihisha madaftari mpaka macho yakaisha. Sikumbuki kumwuliza mtoto hata mmoja kwa nini aliandika alichoandika. Kaka alibaki na ng'ombe. Wageni wakija alinionyesha kwao akicheka: "Mwenye akili ni huyu. Mimi Mungu alininyima."

Shule ile ya Bahi ilishabomoka, imebaki misingi. Mwalimu wetu yule alikufa zamani. Kaka tumemzika mwaka jana, na mpaka anakata roho alikuwa akijiita mjinga. Miaka yote hiyo nilikaa naye, nikala naye sahani moja, na sikumwambia.