Susu wa Kyamwilu

Kila wikendi familia kutoka Nairobi hufika Kyamwilu, nje ya mji wa Machakos, kuona barabara ambayo maji hupanda mlima. Mwongela, mjane anayeishi papo hapo kando ya lami, huwatokea na mtungi, akamwaga maji barabarani watoto waone. Nao humwita susu, yaani nyanya. Wajukuu wake mwenyewe hajawaona miaka mitatu.

Juzi jirani alimwonyesha picha kwenye simu: binti yake Kavutha na watoto, Jumapili asubuhi, wakimwaga maji ya chupa barabarani. Nyuma yao lilionekana geti la Mwongela, limefungwa kwa kufuli. Yeye alikuwa misa.

“Si wangepiga tu simu,” alisema.

Siku hizi akienda misa, kufuli hubaki mezani.