Mkanda wa Juu, Mkanda wa Chini

Baba alikuwa hodari wa kugawa sawa, na alijisifia hilo mpaka likatuchosha. Kitenge kikifika nyumba ya juu, kwa mama, kingine kama hicho kilishuka nyumba ya chini, kwa mama mdogo. Mama alikubali baba aoe mke wa pili kwa sharti hilo tu, mbele ya mashahidi: iwe sawa kwa sawa, la sivyo yeye atarudi kwao Mgwashi.

Miaka ile ya soko huria mama alipunguzwa kazi ya kupiga chapa serikalini. Baba, aliyekuwa akinunua kabichi na mapeasi Mlola na kuyapeleka Dar es Salaam, akarudi na kompyuta ya mtumba, akafungua kibanda cha kuchapa barua Lushoto mjini. Asubuhi zamu ya mama, mchana ya mama mdogo. Mimi, niliyesomea kompyuta Tanga, nikaamriwa nipange kioo cha kompyuta kwa haki.

Nikatengeneza mikanda miwili ya alama kwenye kingo za kioo, wa juu wa mama, wa chini wa mama mdogo. Kila alama ya kufungulia programu niliiweka mara mbili, baba kasimama nyuma yangu akihakiki kwa kidole, wake zake pembeni. Vikabaki vile vidude vya pembeni vinavyoonyesha hali ya mashine: sauti, modemu, printa, chaji ya betri. Hivyo hukaa pamoja. Nikaviweka juu. Nilipoviongeza chini, juu vikatoweka. Nikavirudisha juu, chini pakawa patupu. Jasho likanitoka, na ilikuwa baridi ya Julai.

"Baba, hivi havigawanyiki. Lazima vikae mkanda mmoja tu. Sasa niviweke..."

"Chini," akasema.

Sikuwa nimemaliza hata kuuliza. Nilipigwa na butwaa. Mtu huyu aliyepima mpaka chumvi! Nilimngoja ajirekebishe, aseme turushe shilingi, aseme lolote. Wapi. Mama mdogo naye alishika mdomo. Alishtuka kama mimi, siwezi kumnyima haki yake.

"Baba watoto," mama akasema, "hata kufikiri kidogo?"

"Aa, ni vidude tu hivyo! Kioo si kimoja? Si unaviona hapo hapo?"

"Naviona."

Kisha mama akaniambia niufute mkanda wake. Nilidhani anatania.

"Futa, mwanangu."

Niliufuta.

Ijumaa baba akaja na chupa mbili za chai, nyekundu, za aina moja, akampa kila mmoja mbele ya mwenzake, uso umemkunjuka. Mama aliipokea yake kwa mikono miwili, akashukuru. Halafu akaiweka mbele ya mama mdogo.

"Kaa nazo zote," alimwambia kwa upole. "Tusimsumbue tena kugawa."

Baba alicheka. Kweli, alicheka.

Jumamosi nilimngoja mama kibandani asubuhi nzima. Aliyekuja ni mama mdogo, macho mekundu. Alisema amemwona mama kituoni na sanduku lake, akipanda gari la Mgwashi, amemsihi, hakushuka. Tukakaa kwenye benchi, yeye na mimi, hakuna aliyegusa kitu.

Mchana baba akafika. Akatuangalia, akaangalia kioo cheusi, akauliza kwa nini mpaka saa hizi hatujawasha kompyuta.