Kaseti Iliyonyamazisha Nyumba Nzima

Juzi nilikuwa jikoni hapa Doonside, huku ughaibuni, nakanda unga, mara nikasikia mlio kutoka chumbani kwa mjukuu wangu Rukia. Mkwaruzo mkali, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko, kisha mluzi mrefu. Mlio ule niliujua. Nikapiga kelele, "Nyamazeni! Hakuna kutembea!" Na mwenye kelele nyumba nzima nilikuwa mimi.

Rukia alikuwa amenunua kompyuta ya zamani kwenye duka la mitumba kule St Marys, zile zinazosoma mchezo kutoka kwenye kaseti. Akacheka. "Relax, Bibi. Sauti inapita kwenye waya. Hata upige ngoma, haikusikii."

Nikaketi na unga mikononi. Haikusikii? Basi sisi tulinyamazia nini?

Nikuambieni. Mama yangu aliuza mahamri Mombasa. Alfajiri amesimama, adhuhuri bado amesimama. Mwaka ule alikuwa na mimba, na mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika. Nesi wa kliniki alimwamuru alale kila mchana. Mama akamjibu, "Njoo unikaangie wewe, nami nitalala." Baba alimbembeleza, nyanya alimgombeza, wapi! Sisi watoto tulimwona akishika kiuno, tukaogopa.

Ndipo Mjomba Hemedi, mdogo wake, aliyekuwa baharia, akashuka melini na kompyuta, ndogo kama sinia ya chai. Akaiunga na televisheni yetu na redio kaseti ya mama. Akasema mchezo umo ndani ya kaseti, na hauingii mpaka nyumba itulie.

Tulimwamini papo hapo. Si sisi tuliokuwa tukirekodi kaseti za salamu kupelekea jamaa wa Maskati? Jogoo akiwika tu, salamu zimeharibika, tunaanza upya.

Mkali kuliko wote akawa mama. "Wee, kohoa nje! Funga huo mlango!" Lakini Mjomba hakuridhika. "Dada, kanga yako yachakarisha. Lala kabisa, usijitikise." Mama akajilaza, miguu juu ya mto, na kaseti ikaanza kulia. Ikifika mwisho, Mjomba anapiga ulimi: "Imekataa. Tuanze tena." Hivyo hivyo kila mchana. Mara ya pili mama huwa ameshalala fofofo, mdomo wazi, na harufu ya iliki kwenye mikono yake.

Sisi tulikasirika. Na mchezo wenyewe, tulikuja kuuona baadaye, ulikuwa kidude cha mraba kinachofukuza nukta! Nikamwambia, "Mjomba, wewe fundi bure." Akacheka, akarudisha kaseti nyuma.

Mdogo wangu Twahiri akazaliwa mzima, mwenye kelele kuliko ile kaseti. Nyumba ikajaa wageni na vigelegele, na siku hiyo hiyo mchezo ukaingia mara ya kwanza. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Nimejiuliza mimi sasa, bibi kizee. Nikampigia simu Mjomba, masikio yake sasa mazito.

"Mjomba, ile kompyuta ilikuwa ikisikia?"

"Ee?"

"Ilikuwa ikisikia kelele zetu?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa ningemfanyaje mamako? Kupumzika kwa ajili yake mwenyewe alikataa. Kwa ajili ya mchezo wenu, akakubali."

Wanawake wa kwetu tuko hivyo. Ukimwambia keti umechoka, amekasirika. Mwambie keti unisaidie, ameketi.

Nilidhani Mjomba alimdanganya mama. Lakini baada ya kukata simu nikakumbuka mchana mmoja, arubaini ya Twahiri imeshapita. Wenzangu wote walikuwa nje wakicheza, hakuna aliyeulizia kompyuta. Mama alitoka jikoni, akajifuta jasho, akapanda kitandani na mtoto wake. Akanyoosha miguu.

"Hemedi," akaita, macho ameshayafumba, "hebu tia ile kaseti yako."